Maua ya kipupwe Njombe huanza mvua ikiwa bado inanyesha

SWALI: Mimi ni mwalimu. Mwaka jana nilihamishiwa Njombe nikitokea Tanga, nikaja na vipandikizi vyangu vya asumini na haibiskasi. Wakati wa mvua vilichipua vizuri. Juni ilipoingia majani yakawa ya njano, na asubuhi moja ya Julai nikakuta haibiskasi zote zimeungua, nyeusi. Kuanzia hapo hadi Septemba sikuona ua hata moja nyumbani. Mtandaoni nimekuta orodha za maua yanayochanua majira ya baridi huko Ulaya: snodropu, heleborasi, tulipu, kamelia. Je, niagize hayo? Nina nafasi ndogo mbele na nyuma ya nyumba, maji ya bomba tunapata kwa zamu, na nina watoto wawili wadogo. Nataka Juni hadi Agosti nami nione rangi nikifungua dirisha.

JIBU: Mwalimu, umefanya vyema kuuliza Januari. Swali hili huletwa zaidi Juni, mtu akishaona bustani imekauka, na wakati huo kinachobaki ni kununua miche iliyokwisha kuchanua au kusubiri mwakani. Maua ya kipupwe huamuliwa mvua ikiwa bado inanyesha. Kinachochanua Julai kilisiwa Februari au Machi, kikahamishiwa bustanini Aprili, na kikashika mizizi kabla ardhi haijakauka. Karibu makosa yote ninayoyaona nyanda za juu yanatokana na kuchelewa, wala si kwa sababu ya baridi.

Hiyo orodha ya Ulaya iweke kando, isipokuwa kamelia, ambayo nitaifikia. Walioiandika wana baridi ya namna nyingine kabisa. London, siku fupi kuliko zote ya Desemba haifikishi saa 8 za mwanga, udongo umelowa majuma kwa majuma, na jua hata likitoka halina nguvu. Njombe ipo nyuzi 9 hivi kusini mwa Ikweta. Siku yetu fupi ya Juni bado ina saa 11 na nusu za mwanga, jua la mchana linawaka kwelikweli, na mvua ikishakata Mei hutaiona tena hadi Novemba. Baridi yetu ni ya usiku na alfajiri. Kwa hiyo mmea wa kipupwe hapa unabebeshwa mizigo miwili kwa pamoja, usiku wa baridi na ardhi kavu. Snodropu na heleborasi zimezoea udongo baridi uliolowa, na hapa zitadhoofika hata ukizimwagilia.

Tulipu nayo ina masharti yake. Kitunguu chake kinahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi, mfululizo, usiku na mchana, ndipo shina la ua lirefuke. Udongo wa Njombe haukai baridi hivyo, maana kila mchana jua linaupasha upya. Wapo wanaovidanganya vitunguu kwa kuviweka kwenye friji ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na matunda, kwa sababu ndizi na matofaa yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharibu chipukizi la ua lililolala ndani ya kitunguu. Vikitoka hapo vinapandwa, vinachanua mara moja, kisha vinatupwa. Kwa gharama ya kuagiza, mimi nasema hapana. Ukitaka lazima ua la kitunguu, tafuta nargisi nyeupe zile ndogo zinazotoa maua kadhaa kwenye shina moja. Hizo hazidai friji, na huchanua wiki chache tu baada ya kupandwa.

Lakini usiihesabu baridi kuwa adui. Pareto unayoiona mashambani ukielekea Makete isingetoa ua bila hiyo. Ni majuma ya usiku wa baridi ndiyo yanayouambia mmea uache kutoa majani uanze kufunga vichwa. Ipeleke Tanga itakuwa kichaka cha majani tu. Mipichi ya hapo Njombe nayo hupukutisha majani kipupwe, na kabla mengine hayajarudi huchanua waridi tawi zima. Ukipata nafasi ya mti mmoja nyuma ya nyumba, panda mpichi. Utapata maua kabla ya Septemba na matunda baadaye, na watoto watakushukuru zaidi kwa hayo kuliko kwa pansi, ua la msimu nitakalolifikia.

Sasa mimea yako ya Tanga. Kila ukipanda mita 100 kutoka usawa wa bahari joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, na Njombe mjini ni karibu mita 2,000. Umeihamisha haibiskasi kwenye mazingira yenye upungufu wa nyuzi kama 12, halafu ukaiweka nje usiku wa Julai. Asumini ya pwani iweke kwenye ndoo iliyotobolewa chini, uisogeze karibu na ukuta wa jikoni Mei hadi Agosti, uipunguzie maji, na usiidai maua hadi joto lirudi. Kama unachokosa ni ile harufu, tafuta asumini ya Kichina, ile inayotambaa, yenye vichomozo vya waridi vinavyofunguka vyeupe. Hiyo hufunga vichomozo kwa sababu ya usiku wa baridi, na kuelekea mwisho wa kipupwe hufunika waya wote wa uzio. Haibiskasi iliyoungua usiing'oe bado kama shina ni bichi ukilikwaruza kwa ukucha. Itachipua, ila usitegemee kitu kutoka kwake Julai.

Kabla hujanunua mbegu yoyote, toka nje ujue kaskazini ni wapi. Hili linawakosesha watu maua kuliko mbolea. Leo hii Januari, saa 6 mchana, jua la Njombe lipo kidogo upande wa kusini. Juni litakuwa limehamia kaskazini, na litabaki upande huo tangu asubuhi hadi jioni. Maana yake, tuta lililo nyuma ya ukuta wa kusini ambalo unaliona linawaka jua sasa hivi, Juni litakuwa kivulini. Ukuta wa mita 3 utatupa kivuli cha karibu mita 2 saa 6 mchana, na udongo unaogusana na ukuta huo hautaguswa na jua siku nzima. Kwa hiyo maua yako ya msimu yaweke upande wa kaskazini wa nyumba. Ukisoma maandishi ya Waingereza yanayosifu ukuta wa kusini kwa joto lake, geuza, maana wao jua lao lipo kusini mwaka mzima. Huo upande wa kusini usiutupe lakini, una wapangaji wake.

Jambo la pili la kukagua ni sakitu, kile cheupe kinachokaa juu ya nyasi alfajiri. Kilichoua haibiskasi yako nina hakika ni hicho. Sakitu huja usiku usio na mawingu wala upepo. Ardhi inapoteza joto lake angani, hewa iliyopoa inakuwa nzito na kuteremka mteremko kama maji, ikikutana na kizuizi inatuama. Ndiyo maana wa bondeni wanaungua na wa kilimani, mita chache juu, wanaamka salama. Ukuta wa matofali ulio upande wa chini wa kiwanja unaweza kuizuia hewa hiyo ikatuama bustanini kwako. Uzio wa miti wenye matundu unaiacha ipite. Zunguka kiwanja asubuhi ya kwanza ya sakitu, uone nyasi zimekuwa nyeupe wapi na wapi zimebaki kijani. Ramani hiyo ni bora kuliko ushauri wangu wote.

Dalili zikiwepo jioni, yaani anga safi, upepo umetulia na ubaridi umeanza mapema, mwagilia udongo alasiri. Udongo uliolowa hushika joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Kisha funika mimea laini kwa khanga kuukuu, magunia au chandarua chakavu, ukisimamisha vijiti ili kitambaa kisilale juu ya majani. Nailoni ikigusa jani, jani litaungua palepale ilipogusa. Saa 3 asubuhi funua. Na mmea ukishaungua usikimbilie mkasi. Yale majani yaliyokufa yanaukinga moyo wa mmea na usiku mwingine wa namna hiyo. Subiri hadi Septemba ukate hadi penye ubichi.

Tuje kwenye maua ya msimu, yale ya kusia, maana hapo ndipo utapata rangi nyingi kwa fedha kidogo. Manne ninayoyaamini kwa Njombe ni pansi, snapdragoni, kalendula na switipii. Pansi na snapdragoni huchukua wiki 12 hadi 16 tangu mbegu hadi ua, kwa hiyo zote zisiwe Februari. Kalendula inatosha wiki 8 hadi 10, na unaweza kuisia hata mwanzoni mwa Aprili, palepale itakapokaa. Switipii isie mwanzoni mwa Machi.

Mbegu ya snapdragoni ni ndogo mno, pakiti nzima inaweza kukaa kwenye kijiko cha chai na nafasi ikabaki. Kosa la kawaida ni kuifukia. Inahitaji mwanga ili iote. Chukua trei au beseni bapa lililotobolewa, weka mboji iliyochekechwa nusu na mchanga nusu, mwagilia kwanza, kisha changanya mbegu na kiganja cha mchanga mkavu ili uione inapoanguka, inyunyize, na uibonyeze kwa ubao bila kuifunika. Ukimwagilia kwa juu baada ya hapo, mbegu zote zitakusanyika kona moja. Weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo uyanywe kutoka chini. Pansi ni kinyume, inataka giza. Ifunike kwa udongo mwembamba na uiweke mahali pa baridi mpaka ichomoze.

Februari na Machi mvua za Njombe ni nzito, na adui wa kitalu ni kinyausi. Utaona miche iliyosimama jana leo imelala, shingo zimenywea pale zinapogusa udongo. Dawa yake ni nafasi, hewa na kutomwagilia ovyo. Kitalu kiwe chini ya paa la nailoni lililo wazi pembeni, na mbegu usizisie kwa kubanana. Miche ikifikisha jozi mbili au tatu za majani halisi ihamishie kwenye vikopo, na snapdragoni ikifikisha sentimita 8 hivi ikate ncha kwa kucha. Inauma kuikata, lakini mche mmoja utatoa mashina manne au matano badala ya moja. Hilo ndilo ua ambalo watoto hulibana mbavuni likafunua mdomo, na sina shaka wako watayamaliza ya chini yote.

Switipii ni jamii ya njegere, inatambaa na ina harufu nzuri. Loweka mbegu usiku mmoja, chimba shimo refu lenye samadi iliyooza chini, na uzipande upande wa kaskazini penye uzio au kamba. Ina tabia moja: ukiacha maua yakafunga vitumba vya mbegu, inahesabu kazi imekwisha na kuacha kuchanua. Chuma maua kila baada ya siku mbili, peleka darasani, peleka kwa jirani. Na hapa kwa sababu ya watoto nisisitize: vitumba vyake vinafanana na vya njegere ya mboga, lakini mbegu zake zina sumu. Ukiyachuma maua ipasavyo hakutakuwa na vitumba. Kama hujiamini kuwaangalia, acha switipii hadi wakue.

Petunia na nasta watu wanazipenda, nami sizikatazi, ila nasta ikiguswa na sakitu mara moja inageuka uji. Ipande karibu na ukuta. Alisamu nyeupe ipande ukingoni mwa tuta, huchanua wiki 6 hadi 8 baada ya kusiwa na kujipanda yenyewe mwaka unaofuata.

Sasa nikupe mmea ninaoupendelea kuliko yote kwa Njombe, na hautakugharimu chochote ukiwa na jirani mkarimu: poinsetia. Asili yake ni Meksiko, na jina ni la Joel Roberts Poinsett, mwanadiplomasia wa Marekani aliyeipeleka kwao miaka ya 1820. Huko kaskazini ni ua la Krismasi, kwa sababu huanza kubadilika usiku unaporefuka, na kwao usiku mrefu ni wa Desemba. Huku kwetu kusini mwa Ikweta, ikipandwa nje, inafuata usiku wa huku. Njombe usiku huanza kuwa mrefu kuliko mchana mwezi Aprili. Hesabu wiki 8 hadi 10, unakuta Juni, na ndiyo maana vichaka vyake hugeuka vyekundu kipupwe kikiwa kimeanza. Zile za vyungu zinazouzwa mijini Desemba zimelazimishwa kwa kufunikwa kitambaa cheusi jioni. Usishangae basi ukiipanda nje ikakataa Krismasi na kungoja Juni. Chekundu hicho ni majani. Maua yenyewe ni vile vitone vya njano vilivyo katikati.

Inahesabu usiku kwa ukali. Ukipita barabara yenye taa utaweza kuona kichaka kimoja kimegawanyika, upande ulio gizani umekuwa mwekundu, upande unaomulikwa na taa umebaki kijani. Wakulima wa miche ya krisanthemamu Uganda na Kenya hutumia tabia ya namna hiyohiyo kwa faida. Huwasha taa usiku shambani ili mimea isichanue, iendelee kutoa vipandikizi. Wewe fanya kinyume: iweke mbali na taa ya nje, au zima taa hiyo kuanzia Aprili. Krisanthemamu nazo unaweza kuziweka kwa hesabu hiyohiyo, zinavumilia baridi kuliko poinsetia.

Chukua tawi la poinsetia lenye unene wa penseli au zaidi, urefu wa sentimita 20, mwezi Agosti au Septemba, likaushe utomvu siku moja au mbili kivulini, kisha lichomeke. Kwa kuwa sasa ni Januari, omba mche uliokwisha shika mizizi. Kata ncha kwa mara ya mwisho kabla ya Machi kuanza. Ukikata baada ya hapo unakata maua. Inaogopa sakitu, kwa hiyo ikae juu ya mteremko au ubavuni mwa nyumba. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi na macho, wafundishe watoto wasiuchezee. Zile hadithi za kwamba jani moja linaua mtoto zimetiwa chumvi, ingawa si chakula.

Kwa vichaka vya kudumu, waangalie wenyeji kwanza. Mishubiri mingi ya kusini mwa Afrika huchanua katikati ya mwaka, na ule wenye matawi mengi unaotumika sana kama uzio unatoa mishumaa ya chungwa-nyekundu kuanzia Mei hadi Julai. Ukishashika hauombi maji. Tekomaria, kichaka chenye tarumbeta za chungwa, huchanua miezi hiyohiyo, na kina ndugu yake wa porini huku kusini mwa Tanzania. Ukiwa na hivyo viwili, chozi watakuja wenyewe, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, madume yao yanametameta. Wanafika jua likishapasha maua, wanaparamia shina na kunywa mmoja baada ya mwingine. Leonotisi, ule mmea mrefu wa kando ya barabara wenye vifundo vya maua ya chungwa vilivyopangana ghorofa kwenye shina, unaweza kuusia kwa mbegu ulizokusanya njiani. Mwamba ngoma huchanua mwekundu ukiwa hauna jani hata moja, lakini ni mti, na kwa nafasi uliyoitaja sikushauri.

Kwenye uzio wa mbele, kama unapata jua, pandisha ule mtambaa wa Kibrazili wenye vishada vya vidole vya chungwa, pirostegia. Sijui mmea mwingine unaofunika waya kwa rangi Juni na Julai kama huo. Bogenvilia, ambayo najua unaikumbuka kutoka pwani, Njombe huwa inazubaa miezi ya baridi na kuchangamka Septemba.

Na tafadhali, mtu akikwambia akuletee maua kutoka Kitulo, kataa. Hifadhi hiyo iliyotangazwa 2005, ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, maua yake ni ya mvua, Novemba hadi Aprili. Okidi zake za ardhini kipupwe zinakuwa zimelala chini ya udongo. Viazi vyake tayari vinachimbwa na kuuzwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, na uharibifu huo unatosha. Nenda ukazione Januari au Februari, si mbali.

Nimesema ukuta wa kusini una wapangaji wake. Hao ni kamelia na azalea, vichaka vya maua. Kamelia ni ndugu wa damu wa chai, jenasi moja, na Njombe ni nchi ya chai. Udongo mwekundu wenye asidi unaoifaa chai ya Kibena na Luponde ndio huohuo inaoutaka kamelia. Kivuli chepesi kinaifaa, na hasa jua la asubuhi lisiipige moja kwa moja. Kichomozo kilicholala na sakitu kikipashwa haraka kinaungua ukingoni na kuwa cha kahawia kabla hakijafunguka. Hufunga vichomozo wakati wa mvua na kuvifungua kipupwe, kwa hiyo ukiipogoa Februari umeyatupa maua ya mwaka. Pogoa mara tu inapomaliza kuchanua. Aprili na Mei mvua ikipungua usiiache ikauke, maana hapo ndipo vichomozo hudondoka vyote na mwenye bustani akasingizia mdudu.

Kuna tabia moja ya nyumbani inayoua kamelia na azalea Njombe: kumwaga majivu ya jiko kwenye bustani. Majivu ni mazuri kwa kabichi, ila yanapunguza asidi ya udongo, na ndani ya miezi michache utaona majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Maji ya kufulia yenye sabuni yanafanya hivyohivyo. Majivu peleka kwenye mboga, maji ya sabuni kwenye mishubiri au kwenye uzio, na kamelia uitandazie majani makavu ya misonobari, unene wa kiganja, mbali kidogo na shina. Misonobari haijawahi kuwa adimu Njombe. Kamelia inakua polepole, na kipandikizi kinaweza kukuweka miaka miwili au mitatu kabla ya ua la kwanza. Ulizia kwenye bustani za misheni na nyumba za zamani za mashamba ya chai, huko ndiko mimea mikubwa ya aina hii huwa imebaki.

Waridi nitapita haraka. Yapogoe katikati ya Aprili na utapata maua Juni mwishoni. Baridi inayachelewesha lakini inayapa rangi nzito kuliko ya Desemba. Ukungu mweupe wa unga kwenye majani machanga ni ugonjwa wa msimu huu wa mchana mkavu na umande wa usiku. Punguza matawi ya katikati ili hewa ipite, na ukate machipukizi yaliyoshikwa. Vidukari wabanjue kwa vidole.

Kuhusu maji ya zamu: matandazo ndiyo tangi lako la kwanza. Tandaza Aprili mwishoni ardhi ikiwa bado imelowa, ukingoja Juni utakuwa unafunika vumbi. Mwagilia kwa kopo shinani, mara mbili kwa wiki kwa wingi badala ya kila siku kidogo, na iwe asubuhi jua likishatoka, ili majani yasilale na maji. Pansi na snapdragoni ndizo zenye kiu, kwa hiyo ziweke tuta moja dogo karibu na mlango badala ya kuzitawanya uwanja mzima ukazikimbiza na ndoo.

Kwa mwaka huu wa kwanza, ningekuwa mimi, ningeanza na tuta moja la mita 1 kwa 3 upande wa kaskazini lenye snapdragoni nyuma, kalendula katikati na pansi mbele, poinsetia mbili ubavuni mwa nyumba, mshubiri kwenye uzio na jeraniamu kwenye makopo dirishani. Jeraniamu hazidai ujuzi wowote, tawi la jirani linatosha. Kamelia moja ipande Machi kwa ajili ya miaka ijayo. Kwenye pakiti za mbegu angalia kama zimeandikwa F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza. Hizo usihangaike kuvuna mbegu zake, watoto wake hawafanani. Kalendula ya kawaida ivunie, kausha vichwa kwenye karatasi na uweke kwenye bahasha. Duka la pembejeo la mjini lisipokuwa na pansi na snapdragoni, agiza kwa mtu anayetoka Iringa au Mbeya kabla Februari haijaisha. Zikikufikia Aprili, sia kalendula peke yake mwaka huu na hizo uzifungie kwenye kopo kavu hadi Februari ijayo.